Kesi ya Iwao Hakamada wa Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtu aliyesubiri kitanzi kwa kosa asilolitenda

Tangu Septemba 2024, mahakama ya Japani ilipotamka kwamba hana hatia ya mauaji ya mwaka 1966, jina la mzee huyu likitajwa, maswali yanayofuata ni yale yale. Alikiri, sasa mnasema hakuua? Serikali ya nchi iliyoendelea hivyo inawezaje kubambika kesi? Kwa nini ilichukua muda wote huo? Nimeyajibu hapa kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea. Baadhi ya majibu ni marefu, maana kwenye kesi hii uongo ulijificha kwenye vitu vidogo, kama rangi ya doa na alama kwenye lebo ya suruali, na vitu vidogo havielezeki kwa mstari mmoja.

Iwao Hakamada ni nani?

Alizaliwa tarehe 10 Machi 1936 katika mkoa wa Shizuoka, kusini-magharibi mwa Tokyo. Alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa, uzani wa unyoya. Mwaka 1960 pekee alipanda ulingoni mara 19, na hakuna bondia wa Japani aliyewahi kupigana mapambano mengi kama hayo ndani ya mwaka mmoja. Mwili ulipochoka akaachana na ngumi, na mwaka 1966 alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha miso huko Shimizu, akilala kwenye bweni la wafanyakazi palepale kiwandani. Alikuwa na umri wa miaka 30, ameachana na mkewe, na mtoto wao wa kiume, aliyekuwa bado mdogo, akilelewa na babu na bibi.

Kwa asiyeijua, miso ni soya iliyopikwa, ikapondwa na kuchachushwa kwa chumvi, ikawa rojo zito la rangi ya hudhurungi. Wajapani huitia kwenye supu karibu kila siku. Ishike rangi hiyo akilini, tutairudia.

Usiku ule kulitokea nini?

Alfajiri ya tarehe 30 Juni 1966 nyumba ya mmoja wa wakuu wa kiwanda hicho iliwaka moto. Ndani zilikutwa maiti nne: yeye, mkewe na watoto wao wawili ambao hawajafika hata utu uzima. Wote walikuwa wamechomwa visu. Fedha nazo zilikuwa zimeibwa.

Hakamada alikuwa miongoni mwa waliotoka kusaidia kuzima moto. Polisi walimtilia shaka mapema, na ubondia wake ulimponza. Siku hizo bondia alionekana mtu wa fujo tu, mtu ambaye mkono wake unazoea kuumiza. Wakachukua pajama zake na kudai zina damu na mafuta. Tarehe 18 Agosti 1966 wakamkamata.

Kama hakuua, kwa nini alikiri?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na nimegundua kwamba anayeliuliza kwa kawaida ni mtu ambaye hajawahi kulala mahabusu.

Sheria ya Japani inaruhusu mtuhumiwa kushikiliwa hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka, na siku hizo huzimaliza kwenye seli za polisi, mikononi mwa walewale wanaomhoji. Hakamada alihojiwa kila siku katika joto la Agosti, kwa wastani wa saa 12 kwa siku, na siku nyingine saa 16. Muda wote aliopewa kuonana na mawakili ukiujumlisha haufiki saa moja. Siku 19 alikana. Siku ya 20, tarehe 6 Septemba, akakiri.

Miaka mingi baadaye zilipatikana kanda za sauti za mahojiano yale, na ndani yake mtuhumiwa anasikika akiomba kwenda haja ndogo. Hawakumruhusu kutoka. Aliletewa chombo cha kukojolea mle mle chumbani, na maswali yakaendelea. Mtu aliyefikishwa hapo, siku ya ishirini, bila usingizi wa kutosha, anatia dole gumba kwenye karatasi yoyote. Anajiambia: mahakamani nitasema ukweli, jaji atanielewa.

Alifika mahakamani akasema ukweli. Alikana, na akaendelea kukana mpaka mwisho.

Polisi na waendesha mashtaka walikuwa wameandika maelezo 45 ya kukiri kwake. Maelezo hayo hayakubaliani hata yenyewe kwa yenyewe, leo sababu ya kuua ni hii, kesho ni nyingine. Mahakama ya mwaka 1968 iliyatupa 44 kwa kuwa hayakutolewa kwa hiari, ikabakiza moja tu, lililoandikwa na mwendesha mashtaka. Mimi hapo huwa nasimama kila ninapoisoma kesi hii. Mtu ametiwa kwenye chungu kimoja siku zote hizo, halafu unaniambia vijiko 44 ni sumu lakini kile kimoja ni salama?

Hadithi ya nguo za kwenye pipa la miso ni ipi?

Hapa ndipo penye moyo wa kesi, kwa hiyo nakuomba uende nami taratibu.

Kesi ilipoanza, upande wa mashtaka ulisema muuaji alivaa pajama. Maelezo ya kukiri nayo yalisema pajama. Shida ni kwamba damu kwenye pajama zile ilikuwa kidogo mno kwa mtu aliyechoma visu watu wanne, na ushahidi huo ulianza kuyeyuka mbele ya majaji.

Basi tarehe 31 Agosti 1967, miezi 14 baada ya mauaji, wakati kesi inaendelea na Hakamada yuko ndani zaidi ya mwaka, mfanyakazi wa kiwanda akichota miso kwenye pipa kubwa akakutana na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na nguo tano zenye damu: shati la kijivu, suruali ya rangi ya giza, fulana nyeupe, suruali ya ndani nyeupe, na chupi ya kijani. Polisi walikuwa wamekipekua kiwanda kile siku chache tu baada ya mauaji. Hawakuona gunia.

Siku chache baadaye wakaenda nyumbani kwa wazazi wa Hakamada, wakarudi na kipande cha kitambaa. Kipande kile kikalingana na pindo la suruali ya kwenye gunia. Ushahidi ukakamilika.

Upande wa mashtaka ukabadilisha maneno. Sasa muuaji hakuvaa pajama wakati wa kuua, alivaa nguo tano, akazificha kwenye miso, ndipo akavaa pajama kwenda kuchoma nyumba. Lakini yule aliyekiri alikiri pajama! Kama kweli alikuwa anaeleza alichokifanya, mbona hakutaja nguo hata moja kati ya tano? Ungamo na nguo haviwezi kuwa vya kweli vyote viwili. Mahakama ikavipokea vyote viwili.

Ni kweli suruali haikumwingia?

Ni kweli. Wakati wa rufaa, Mahakama Kuu ya Tokyo ilimtaka aivae ile suruali. Ilikwama mapajani. Akarudishwa tena kuijaribu, na tena ikakwama. Zipo picha zake akiwa amesimama, mikono imeshika kiuno cha suruali, na kitambaa kimegoma kupanda.

Upande wa mashtaka ukajibu mambo mawili: suruali imesinyaa kwa kukaa kwenye miso, na yeye amenenepa gerezani. Tena wakaonyesha herufi B kwenye lebo ya suruali, wakasema ni alama ya saizi pana. Miaka mingi baadaye, nyaraka zilipofunguliwa, ikaonekana kwamba mtengenezaji alikuwa amewaeleza wapelelezi tangu zamani kwamba B ni alama ya rangi, wala si ya saizi. Walijua, wakanyamaza.

Hakuna jaji hata mmoja aliyeliona hilo?

Alikuwepo mmoja. Kesi ilisikilizwa na majaji watatu katika mahakama ya wilaya ya Shizuoka. Mdogo wao, Norimichi Kumamoto, aliamini kwamba mshtakiwa hana hatia. Wenzake wawili hawakukubali. Kura ikawa mbili kwa moja, na kwa utaratibu wao kazi ya kuandika hukumu ikamwangukia huyohuyo aliyepinga. Akaandika kwa mkono wake sababu za kumnyonga mtu aliyeamini hakuua. Hukumu ikasomwa tarehe 11 Septemba 1968.

Mwaka uliofuata akaacha ujaji. Majaji wa Japani wamefungwa na sheria wasitoe siri ya majadiliano yao ya ndani, na yeye alikaa na siri hiyo mpaka mwaka 2007 alipojitokeza hadharani akasema. Alifariki Novemba 2020, kesi haijaisha.

Watu hugawanyika juu ya Kumamoto. Wengine humwona shujaa, wengine husema alichelewa miaka 39. Mimi siwezi kumsifu kwa kalamu ile ya 1968, lakini ni yeye peke yake katika mlolongo mzima wa maofisa wa wakati ule aliyekuja kusema, nilikosea, naomba radhi.

Kusubiri kunyongwa Japani kukoje?

Mahakama Kuu ya Tokyo ilikataa rufaa mwaka 1976, na Mahakama ya Juu ikaikataa Novemba 1980. Kuanzia hapo akawa mtu wa kitanzi.

Japani hunyonga kweli, si hukumu ya kwenye karatasi tu. Mfungwa hukaa peke yake kwenye chumba kidogo, na hapewi tarehe. Huambiwa asubuhi ya siku yenyewe, saa chache kabla. Familia hujulishwa yakiwa yameisha. Maana yake kila asubuhi ya kazi unasikiliza viatu vya askari kwenye korido: vikipita, umepewa siku moja nyingine.

Mwanzoni Hakamada aliandika barua kwa wingi, nyumbani na kwa mwanawe, akisisitiza kwamba hakuua. Mwaka 1984 akabatizwa Mkatoliki mle gerezani. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda barua zikabadilika, maneno yakaanza kupotea njia. Akaanza kusema kuna mionzi inamshambulia. Akaanza kukataa wageni. Baadaye akasema Iwao Hakamada hayupo tena. Akili ilitafuta mahali pa kujificha, ikapata.

Mwaka 2011 kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilimtambua kuwa mtu aliyekaa muda mrefu kuliko wote duniani akisubiri kunyongwa.

Huyo dada anayetajwa kila mara ni nani?

Hideko Hakamada, dada yake, amemzidi miaka mitatu. Familia nzima ilitengwa baada ya kukamatwa kwake, na mama yao alifariki muda mfupi tu baada ya hukumu ya 1968. Hideko akaubeba mzigo. Alifanya kazi ya uhasibu, hakuolewa tena, na mshahara wake ukaenda kwenye kesi na kwenye nauli.

Nauli naitaja kwa makusudi. Kila mwezi alitoka mji wa Hamamatsu kwenda gereza la Tokyo, zaidi ya kilomita 200, kumwona mdogo wake kwa dakika chache. Kikafika kipindi cha miaka kadhaa ambapo Iwao alikataa kabisa kutoka kuonana naye, alisema hana dada. Hideko aliendelea kwenda. Anafika getini, anaambiwa amekataa, anageuza. Mwezi unaofuata anapanda treni tena. Alitaka askari waone na mdogo wake ajue kwamba nje hajatupwa.

Kama ushahidi ulikuwa mbovu hivyo, kwa nini ilichukua miongo minne kuisikiliza upya?

Kwa sababu sheria ya Japani ya kusikiliza kesi upya, miaka yote hiyo, ilikuwa na matundu mawili makubwa. La kwanza, hakukuwa na kifungu kilichowalazimisha waendesha mashtaka kutoa ushahidi walionao kabatini. La pili, hata mahakama ikikubali kesi isikilizwe upya, waendesha mashtaka waliweza kukata rufaa kupinga uamuzi huo. Unashinda, halafu unaanza tena.

Ombi la kwanza la Hakamada liliwasilishwa mwaka 1981. Lilizunguka mahakama tatu, likakataliwa kwa mara ya mwisho mwaka 2008. Miaka 27 kwa ombi moja. Mwaka huohuo Hideko akawasilisha la pili kwa niaba yake.

Katika ombi hili la pili mahakama ilianza kuwabana waendesha mashtaka wafungue makabati, wakatoa mamia ya vielelezo ambavyo upande wa utetezi haukuwahi kuviona. Miongoni mwake, mwaka 2010, zilitoka picha za rangi za zile nguo tano, zilizopigwa wakati zinapatikana.

Mawakili wakaziangalia. Madoa ya damu yalikuwa mekundu.

Rudi sasa kwenye ile rangi ya miso. Nguo inasemekana imezama kwenye rojo la hudhurungi, lenye chumvi na uchachu, kwa zaidi ya mwaka mmoja, halafu damu iwe nyekundu? Watetezi wa Hakamada hawakubaki kubishana kwa maneno. Walitia damu kwenye vitambaa, wakavifukia kwenye miso, wakasubiri, wakavitoa. Damu iliiva ikawa nyeusi. Walirudia tena na tena. Upande wa mashtaka nao ulifanya jaribio lake la miezi 14, na majaji wakaenda kuvitazama vitambaa kwa macho yao. Wataalamu wa kemia wakaeleza kwamba chumvi na asidi huvunja kile kinachoipa damu wekundu wake.

Kama damu ilikuwa bado nyekundu, gunia halikukaa kwenye miso miezi 14. Liliwekwa humo karibu na siku ya kupatikana. Na Agosti 1967 Hakamada alikuwa mahabusu mwaka mzima. Nani basi aliliweka?

Picha hizo zilikuwepo tangu 1967. Hakuna sayansi mpya iliyohitajika kuona kwamba nyekundu ni nyekundu. Kilichohitajika ni mtu wa serikali kufungua droo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema haki ilichelewa kwa sababu teknolojia ilikuwa changa.

Vipimo vya vinasaba (DNA) havikutosha?

Vilisaidia kumtoa gerezani. Tarehe 27 Machi 2014 mahakama ya wilaya ya Shizuoka ilikubali kesi isikilizwe upya, ikasema vinasaba kwenye nguo havilingani na vyake na kwamba huenda wapelelezi walizitengeneza, ikaamuru aachiwe siku hiyohiyo. Alikuwa amekaa ndani karibu miaka 48. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Tokyo ilitilia shaka namna vipimo vilivyofanywa, ikafuta uamuzi, ingawa haikumrudisha ndani. Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi ili suala la rangi ya damu lichunguzwe. Majaji watatu walitaka hivyo, na wawili walisema hakuna haja ya kuchelewesha, kesi ianze upya mara moja. Machi 2023 hatimaye njia ikafunguka. Rangi ndiyo iliyobeba kesi.

Kesi ya marudio ilikwendaje?

Ilianza Oktoba 2023 kwa vikao 15. Hakamada alisamehewa kuhudhuria kwa sababu ya hali ya akili yake, na Hideko, akiwa na miaka 90, akasimama mahali pake na kusema kwa niaba ya mdogo wake kwamba hana hatia. Waendesha mashtaka, pamoja na yote hayo, Mei 2024 waliomba tena anyongwe. Mzee wa miaka 88.

Tarehe 26 Septemba 2024 jaji Koshi Kunii alitamka kwamba hana hatia. Hukumu haikuishia kusema ushahidi hautoshi. Ilisema mambo matatu yalitengenezwa na wapelelezi: ungamo lililopatikana kwa mahojiano ya kinyama, nguo tano zilizotiwa damu na kufichwa kwenye miso, na kile kipande cha kitambaa kilichodaiwa kupatikana kwa wazazi wake. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani, alibambikiwa, na safari hii aliyesema hivyo ni mahakama. Jaji alimwomba radhi Hideko kwa muda wote uliopita.

Serikali iliomba radhi? Alilipwa?

Tarehe 8 Oktoba 2024 mwendesha mashtaka mkuu alitangaza kwamba hawatakata rufaa. Hapohapo akalalamika kwamba hakubaliani na sehemu ya hukumu inayosema ushahidi ulitengenezwa. Mkuu wa polisi wa Shizuoka alikwenda nyumbani kwa Hakamada mwezi huohuo, akainama, akaomba radhi ana kwa ana. Alikuwa bado hajazaliwa, au alikuwa mtoto, mauaji yale yalipotokea. Waliofanya yale hawakufika.

Machi 2025 mahakama iliamuru alipwe yen milioni 217 na ushei. Sheria inaweka kiwango cha juu cha yen 12,500 kwa kila siku aliyokaa ndani, na alipewa kiwango hicho cha juu. Watu husema ni hela nyingi. Zidisha wewe mwenyewe siku kwa siku, kuanzia miaka 30 hadi 78, kisha uniambie ungeuza kwa bei hiyo.

Muuaji wa kweli alikamatwa?

Hapana. Muda wa kisheria wa kumshtaki mtu kwa mauaji yale ulikwisha zamani. Watu wanne waliokufa nao walinyimwa haki yao, maana siku polisi walipoamua kwamba ni bondia, waliacha kumtafuta mwingine.

Ni yeye peke yake Japani?

Ni wa tano tangu vita kuu ya pili aliyehukumiwa kunyongwa, kesi ikasikilizwa upya, akaonekana hana hatia. Wanne wa kwanza walitoka kati ya 1983 na 1989, akianza Sakae Menda. Nao kesi zao zilisimama juu ya kukiri.

Sheria za huku kwetu zingemsaidia?

Swali hili huja sana, hasa kutoka kwa wanafunzi wa sheria, nami nalijibu kwa tahadhari, maana sheria nzuri kitabuni na kituo cha polisi usiku ni vitu viwili tofauti.

Mwaka 1967, mwaka uleule gunia lilipopatikana, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda. Ilisema ungamo ambalo mshtakiwa amelikana mahakamani lipokewe kwa hadhari kubwa, na kwa kawaida litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, isipokuwa mahakama iridhike kabisa kwamba ni la kweli. Kanuni hiyo bado inatajwa mahakamani kwetu. Kenya leo, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakiruhusu mpelelezi wa kesi kuwa ndiye anayechukua ungamo. Na Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50(6), inampa mfungwa aliyemaliza rufaa zote haki ya kuomba kesi mpya ukipatikana ushahidi mpya wenye uzito.

Uganda ina hukumu ya Susan Kigula na wenzake ya mwaka 2009. Mahakama ya Juu ilisema kumweka mtu akisubiri kitanzi zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho si halali, adhabu igeuke kifungo cha maisha. Kwa kipimo hicho Hakamada angetolewa kwenye kitanzi mwaka 1983. Alikikalia miaka 30 na ushei zaidi.

Kenya haijanyonga tangu 1987, wala Tanzania tangu 1994, lakini hukumu bado zinatolewa na watu wamo ndani wakizitumikia.

Anaishije sasa?

Anaishi na dada yake Hamamatsu. Alipotoka mwaka 2014, milango haikuwa imefungwa lakini yeye alikuwa akizunguka ndani ya nyumba, toka ukuta huu hadi ukuta ule, saa nyingi kwa siku, kama alivyozoea kwenye chumba chake gerezani. Baadaye akaanza kutoka, akitembea mitaani kwa masaa, na wanaomuunga mkono wakifuata nyuma yake asije akapatwa na jambo. Novemba 2019, Papa Fransisko alipoadhimisha misa Tokyo, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria, amevaa suti.

Mambo mengi anayoyasema bado ni ya ulimwengu wake mwenyewe. Hideko habishani naye na wala hamrekebishi. Siku tatu baada ya hukumu ya 2024, kwenye mkutano wa waliompigania huko Shizuoka, alipewa kipaza sauti. Kwa sauti ndogo akasema ameshinda kabisa, na kwamba alikuwa hawezi tena kusubiri. Kisha akashukuru, na dada yake, aliyekuwa kando yake, akacheka kwa furaha.